Kupimiwa shamba kwa malipo ya viwanja: tathmini ya huduma tuliyoipata Kigamboni

Huduma ninayoiandikia hapa ni ya kampuni binafsi za upangaji na upimaji wa ardhi ambazo humpimia mwenye shamba eneo lake bila kumtoza fedha taslimu, kisha zikachukua sehemu ya viwanja vilivyopatikana kuwa ndiyo malipo yao. Familia yetu iliitumia kwa shamba la ekari 6 lililopo Kigamboni, Dar es Salaam, kusini mwa Kibada, shamba ambalo babu yetu alilifyeka na kulipanda mikorosho na minazi kabla sisi hatujazaliwa. Kampuni yenyewe siitaji jina, kwa kuwa bado tuna mambo ambayo hayajakamilika baina yetu, na pia kwa sababu mikataba niliyoonyeshwa na majirani waliotumia kampuni nyingine inafanana na wetu karibu neno kwa neno. Ninachotaka mwenye shamba akifahamu kabla hajatia saini ni hiki: kazi ya kitaalamu tuliyofanyiwa ni nzuri, lakini bei tuliyoilipa ni kubwa mno, na hatukuitambua kuwa ni bei kwa sababu haikuandikwa kwa shilingi.

Wazee wetu walikubali haraka, na wana sababu zao. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipita Kibada, Kisota, Mwongozo na Gezaulole, na waliokuwa na mashamba huko walilipwa fidia ya mashamba, kisha wakaona ardhi ileile ikigawiwa kwa wengine ikiwa viwanja, kwa bei nyingine kabisa. Mwaka 2008 ukatangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni, na wakazi wa maeneo yaliyoguswa wakazuiwa kuendeleza ardhi zao wakisubiri kuthaminiwa. Miaka ikapita hivyo. Mtu hakuweza kuongeza chumba kwa ajili ya mwanawe aliyeoa, na akitaka kuuza alikutana na wanunuzi waliobomoa bei kwa hoja kwamba eneo lote litachukuliwa. Mpango huo ulikuja kupunguzwa ukubwa, lakini hofu ya kuchukuliwa ardhi haikupungua kwa kiasi hicho. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, likiwa na urefu wa mita 680 kuvuka mkondo wa Kurasini, safari ya mjini haikutegemea tena pantoni, na ardhi iliyokuwa ikiuzwa kwa hatua ikaanza kuulizwa kwa mita za mraba.

Hilo la hatua si jambo dogo. Kwetu mtu aliuziwa kipande cha ishirini kwa ishirini, yaani mnunuzi na muuzaji walitembea pamoja mbele ya mjumbe na mashahidi, wakahesabu hatua ishirini upande mmoja na ishirini upande wa pili, na katani likapandwa kwenye kona. Mnunuzi aliyekuwa na miguu mirefu aliondoka na eneo kubwa zaidi kwa fedha zilezile. Babu yetu na marehemu baba walimega vipande vinne kwa namna hiyo, na kila kimoja kimekuwa na ugomvi wake. Kwa hiyo kampuni ilipokuja ikasema kwamba itapima kila kitu, itaweka mawe ya mpaka, na familia haitatoa hata shilingi moja, wazee waliona kuwa hatimaye amekuja mtu wa kuwapa nguvu juu ya mali yao badala ya kuwanyang'anya.

Nianze na yale yaliyofanyika vizuri, kwa sababu ni mengi na yanastahili kutajwa. Kampuni haikukubali kusaini na mtu mmoja anayejiita mkubwa wa familia. Ilitaka barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, ikataka muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za warithi wote, wakiwemo shangazi zetu wawili ambao wanaume wa familia walishazoea kuwasahau, na ikataka majirani wa pande zote nne wathibitishe mipaka kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kazi hiyo ilituchukua miezi mitatu na ilituchosha, lakini leo hakuna ndugu anayeweza kusema kwamba hakushirikishwa. Tulionyeshwa pia leseni ya mpima na usajili wa mtaalamu wa mipango miji, bila kuomba. Yeyote anayefikiria kutumia huduma hii na akakuta kampuni isiyouliza habari za mirathi, aachane nayo siku hiyohiyo.

Siku ya kuweka mawe nilikuwepo tangu saa moja asubuhi. Vijana watano walikuja na gari dogo lililojaa bikoni za zege, ndiyo mawe yenyewe ya mpaka, kila moja ikiwa na kipande cha nondo katikati, na mpima mwenyewe alibeba kipokezi chake cha kupimia kwa setilaiti juu ya fimbo ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe. Shangazi yetu mkubwa, ambaye sasa ana zaidi ya miaka 70, alikuwa amesimama chini ya mkorosho ambao siku zote ulikuwa mpaka wetu na jirani wa mashariki. Mpima alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hili jiwe mbona unalitia huku, na mkorosho uko kule?"

Mpima hakumjibu kwa haraka wala kwa kumdharau. Alimwita karibu, akamwonyesha kwenye karatasi mstari uliosainiwa na jirani, akaeleza kwamba jirani mwenyewe alikiri mkorosho uko ndani ya eneo letu kwa karibu mita mbili, kwamba mpaka halisi ni lile katani kuukuu lililomezwa na majani. Shangazi alikwenda akafunua majani kwa mkono, akaliona katani, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ni kweli, baba yake ndiye aliyelipanda. Bikoni ikachimbiwa pale. Nimeona wataalamu wengi wakiingia katika mashamba ya watu na kuzungumza na karatasi zao tu. Huyu alizungumza na mwenye ardhi, na mpaka ule haujagombewa tena hadi leo.

Sasa nije kwenye mkataba, ambako ndiko tulikoumia.

Rasimu ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa kurasa tisa za Kiingereza. Kati ya warithi 11, wanaoweza kuisoma na kuielewa ni watatu. Tulidai ya Kiswahili na tukaletewa baada ya wiki moja, jambo ninalolishukuru, lakini kwa kuwa tuliona tumeshinda vita hivyo, tulisoma kwa kuridhika badala ya kusoma kwa makini. Vipeperushi vya kampuni na maneno ya maofisa wake pale chini ya mwembe yalikuwa "tunapima mpaka hati", yaani hadi mwenye shamba apate hati ya kumiliki. Mkataba ulisema kwamba wajibu wa kampuni utakamilika ramani ya upimaji itakapoidhinishwa. Kati ya kuidhinishwa kwa ramani na kupatikana kwa hati kuna safari nzima: kuna maombi ya umilikishaji kwa kila kiwanja, kuna ada na tozo zake, kuna afisa ardhi, kuna ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi, kuna Msajili wa Hati. Safari hiyo tumeifanya kwa miguu yetu na kwa fedha zetu, na hakuna aliyetudanganya kwa maandishi. Maneno ya mdomo yalikuwa mapana kuliko karatasi, na mbele ya baraza au mahakama kinachosomwa ni karatasi.

Kipengele cha pili ni cha mgawanyo. Kampuni ilipaswa kupata asilimia 40 ya viwanja na familia asilimia 60. Wengi wetu tulisikia hesabu hiyo tukaona kwamba katika ekari 6 tutabaki na ekari tatu na nusu na ushei. Hatukujua kwamba barabara za mtaa, eneo la wazi na eneo la huduma hutolewa kwanza, na kinachogawanywa ni kile kinachobaki. Ekari 6 ni karibu mita za mraba 24,280. Baada ya barabara na maeneo ya umma kutolewa, kilichobaki kilitoa viwanja 32 vyenye wastani wa mita za mraba 510 kila kimoja. Kampuni ilichukua 13, sisi tukabaki na 19. Sina ugomvi na barabara. Mtaa usio na barabara ni mateso ambayo Dar es Salaam inayafahamu sana, kwani gari la zimamoto na gari la wagonjwa haviwezi kufika katika sehemu kubwa ya makazi yake, na sitaki wajukuu wa shangazi wajenge katika msongamano wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba ilikuwa ni haki yetu kuelezwa hesabu hii kwa mita kabla ya kusaini, kwa mchoro wa awali, na jambo hilo lingemchukua mtaalamu wa kampuni siku moja tu.

Sasa ninaomba msomaji anifuate katika hesabu, kwa sababu ndiyo kiini cha tathmini yangu. Baada ya kazi kukamilika nilikwenda kwa mpima mwingine mwenye leseni nikamuuliza angetutoza kiasi gani kwa fedha taslimu kwa kazi ileile, yaani mchoro wa mipango miji, upimaji, mawe na ufuatiliaji wa idhini. Alinipa makadirio ya shilingi 350,000 kwa kiwanja, ambayo kwa viwanja 32 ni shilingi milioni 11.2. Viwanja 13 vilivyochukuliwa na kampuni, kwa bei ya wastani ya shilingi 14,000 kwa mita ya mraba ambayo kampuni ilikuwa ikiuzia eneo hilo, vina thamani ya takriban shilingi milioni 93. Tulilipa milioni 93 kwa kazi ya milioni 11.

Maofisa wa kampuni wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba wao walitoa fedha zao kwanza, walibeba hatari ya mchoro kukataliwa, na walisubiri zaidi ya mwaka hadi ramani ikaidhinishwa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba familia haikuwa na milioni 11 wala milioni mbili. Lakini shamba lisilopimwa pale kwetu lilikuwa likiuzwa shilingi milioni 12 kwa ekari wakati huo. Kama tungeuza ekari moja tu, tukawalipa wataalamu kwa fedha taslimu wapime ekari tano zilizobaki, tungepata viwanja 26 vyote vikiwa vyetu, na chenji ingebaki ya kuanzia umilikishaji. Tofauti ya 26 na 19 ni viwanja saba. Katika familia yetu viwanja saba ni warithi saba ambao kila mmoja angeongezewa kiwanja kimoja.

Hesabu hiyo inazidi kuwa mbaya ukitazama ni viwanja vipi vilichukuliwa. Mkataba haukusema lolote kuhusu namna ya kuchagua. Mchoro ulipotoka, kampuni ilitia alama kwenye vyake, na tisa kati ya 13 vilikuwa vimepanga mstari kando ya barabara kuu ya mtaa, pale penye nguzo za umeme. Vyetu vingi viko nyuma, na vitano viko kwenye mteremko wa bondeni ambako masika maji hutuama. Tulipolalamika tulibadilishiwa viwili. Jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, aliwawekea kampuni yake sharti la kuchagua kwa kupokezana, yeye kimoja wao kimoja, na yeye akaanza. Nimemsifu mbele za watu na ninamsifu tena hapa.

Jambo jingine lililotusumbua ni kwamba kampuni ilianza kuuza viwanja vyake kwa awamu mara tu mawe yalipowekwa, ilhali ramani ilikuwa bado haijaidhinishwa. Mawe yaliwekwa mwezi wa tano tangu kusaini. Idhini ilikuja mwezi wa 14, ingawa ahadi ilikuwa miezi sita. Katika miezi hiyo tisa wanunuzi walikuwa wakija Jumamosi na watoto wao kuona kiwanja, wakikuta shangazi analima mihogo, wakimuuliza yeye ni nani. Mama mmoja aliyekuwa amelipa awamu nne alilia mbele yetu akidhani ametapeliwa. Hakuwa ametapeliwa, na leo ana kiwanja chake, lakini hofu ile aliipata kwenye shamba letu na sisi ndio tuliompa maji ya kunywa na kumtuliza. Mteja wa namna hii hatajwi popote katika mkataba wa mwenye ardhi na kampuni, ingawa ndiye anayeugharamia mpango mzima.

Kuhusu watu waliokuwa wakiishi au kulima ndani ya shamba bila kuwa warithi, huduma hii haina utaratibu wowote, na hili ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Serikali inapotwaa ardhi kwa ajili ya mradi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Na kanuni zake zinataja, mbali na thamani ya ardhi na ya maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Watu wengi wamelalamika, na kwa haki, kwamba malipo hayo huchelewa au huwa madogo. Hata hivyo orodha ipo, na mtu anaweza kuisimamia. Katika mpango wa kugawana viwanja baina ya familia na kampuni hakuna orodha. Kulikuwa na mzee aliyelima mihogo na kunde katika kona ya kusini kwa miaka 20 kwa ruhusa ya marehemu baba, na kulikuwa na binamu yetu mwenye nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Kampuni ilisema, kwa upole lakini kwa uwazi, kwamba hayo ni ya familia. Binamu tulimpa kiwanja kimoja kati ya 19. Mzee tulimwachia avune, tukampa fedha kidogo ambazo sijivunii kiasi chake, naye akahamia kwa mwanawe Mkuranga. Majirani wengine waliotumia huduma kama hii hawakufanya hata hayo, na hakuna wa kuwauliza.

Makaburi tuliyapigania. Mchoro wa kwanza ulikuwa umeweka kiwanja cha makazi juu ya makaburi sita ya wazee wetu, pengine kwa sababu hayakujengewa na kwa macho ya mgeni yalionekana kama kichaka. Tulikwenda ofisini kwao wanane, shangazi akiwa mbele, na mchoro ukarekebishwa ndani ya wiki mbili: makaburi yakaingizwa katika eneo la wazi, na njia ya kwenda kisimani, ambayo majirani wa nyuma wameitumia tangu enzi, ikapewa upana wa mita tatu na kuchorwa kama njia ya miguu. Walifanya marekebisho hayo bila kutudai nyongeza, na ninaandika hivyo ili haki yao nao ipatikane. Lakini nashauri mwenye shamba asisubiri mchoro. Amtembeze mtaalamu shambani siku ya kwanza, amwonyeshe kila kaburi, kila kisima na kila njia, na aandikishe.

Baada ya kupimwa, shamba si shamba tena. Matumizi yamekuwa makazi, kila hati inayotoka huja na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka pamoja na masharti ya kuendeleza, ambayo kwa kawaida ni ndani ya miezi 36. Mikorosho iliyokuwa ikimpa shangazi ada za shule za wajukuu imekatwa zaidi ya nusu, mingine na wanunuzi, mingine na sisi wenyewe. Bei imepanda kweli, na warithi wawili waliouza viwanja vyao wamejenga nyumba nzuri kwingine kwa fedha hizo. Mrithi mwingine ameuza vyake vyote viwili na sasa amepanga chumba Mbagala.

Je, ningemshauri mtu aitumie huduma hii? Mwenye uwezo wa kuuza sehemu ndogo ya shamba lake ili alipe kwa fedha taslimu, namshauri afanye hivyo bila kusita, na amtafute mpima mwenye leseni na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa. Asiye na njia hiyo, kwa mfano kwa sababu shamba ni dogo au ndugu hawakubali kuuza hata kipande, anaweza kugawana, ila asikubali kuzungumza kwa asilimia peke yake. Aombe mchoro wa awali, aandike idadi ya viwanja vyake na mahali vilipo, aandike kwamba kazi inaishia kwenye hati mkononi, na aandike kwamba hakuna kiwanja kitakachouzwa kabla ramani haijaidhinishwa. Shilingi laki mbili au tatu za kumlipa wakili wake mwenyewe, si yule aliyeletwa na kampuni, ndizo fedha ambazo sisi tulizionea uchungu na tukazipoteza mara mia. Kwa ufundi wa kazi ningewapa watu hawa alama tisa kati ya kumi. Kwa mkataba ningewapa tatu.

Hadi ninapoandika, hati 7 kati ya 19 zimetoka. Ya shangazi bado, ingawa malipo yake yote tuliyakamilisha mwezi Machi na stakabadhi anazo, amezifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na barua ya mirathi. Ijumaa tutakwenda naye tena ofisi ya ardhi.